Siku Nyakibindu Ilipomwaga Pumba

Ukimtaka mwizi mmoja, usipepete pumba za mji.

Ndivyo alivyosema Bi Mosi jana, redio ilipotangaza kwamba yule mwizi wa mbuzi amefungwa na sasa wilaya nzima ni shwari. Nanyi mkacheka. Mkadhani bibi kachanganyikiwa, mwizi na pumba wapi na wapi. Hakuchanganyikiwa hata kidogo. Haya, sogeeni, na wewe mwenye simu izime, maana habari hii ukikosa kipande kimoja utabaki kuniuliza maswali kama hakimu. Methali hii haikutungwa na mtu aliyeketi akifikiri. Ilianzia mguuni mwa bibi harusi.

Huko Nyakibindu, kijiji cha wakulima wa mpunga kando ya Mto Rufiji, palikuwa na kikuku kimoja cha fedha. Nasema fedha ya madini, si hizo mnazoniomba kila Ijumaa. Kilikuwa kizito, chenye uwazi ndani na vijiwe vidogo vilivyolia bibi harusi akitembea. Hakikuwa mali ya mtu. Kila msichana aliyeolewa alikivaa siku tatu, kisha kikarudi kwenye kasha la mtunzaji. Asiyekivaa, watu walisema, hakuolewa, alihama nyumba tu.

Mtunzaji zamani hizo alikuwa Bi Somoe binti Pazi, na kabla yake mama yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mgongo umenyooka, na alipenda kusifiwa uaminifu kuliko alivyopenda pilau. Ufunguo wa kasha haukumtoka kiunoni. Mumewe, Mzee Mkumba, alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini na wa neno la kwanza barazani. Ukiwaona wanapita pamoja ungesema hapo ndipo heshima ilipojenga nyumba.

Jambo moja tu lilikuwa limebadilika. Kwa miaka kama mitano hivi kikuku kilikuwa kimepoteza sauti yake. Kilikuwa kikilia wazi, kikawa kinalia kama kijiko ndani ya kopo. Wazee wakasema kimechoka, na kusuguliwa kumekipunguza uzito. Wakasema hata fedha huzeeka, na watu wakakubali, kwa sababu maneno ya wazee hayahitaji ushahidi.

Sasa mwaka mmoja, siku nne kabla ya harusi, Bi Somoe alikitoa kikuku kukisugua kwa ndimu na majivu, akakianika ukumbini kwake. Uani wanawake walikuwa wakisukwa. Msusi alikuwa Siwatu, mjane aliyekuja kutoka upande wa Kilwa miaka sita nyuma, mwenye kibanda chake pembezoni mwa kijiji na kijaruba kimoja cha mpunga. Ndiye aliyekuwa akisuka na kuwavisha mabibi harusi wote. Wanawake waliingia na kutoka asubuhi nzima, hujui nani anakuja kusukwa na nani anakuja kusikia ya watu. Ilipofika adhuhuri kikuku hakikuwapo.

Mnajua wenyewe nani alishukiwa. Mgeni hata akikaa miaka sita bado ni mgeni siku kitu kikipotea. Mzee Mkumba ndiye aliyesema kabla hata hajaulizwa: Siwatu aondoke kabla ya harusi, na kibanda chake kivunjwe. Mpunga wake ulikuwa umebakiza wiki tatu uvunwe. Hakuwa na ndugu hai wa kumrudia. Kumfukuza siku ile kulikuwa kumwambia akafe mbele ya safari, na watu walitikisa vichwa kukubali huku nywele walizosukwa na mikono yake zikiwa bado zinawauma.

Bi Somoe alikosa raha. Yeye ndiye aliyekuwa kakaa mbele ya Siwatu asubuhi ile, na alijua kwamba mwanamke yule hakuinuka hata kunywa maji. Basi akaenda kwa mkuu wa kijiji, Jumbe Salanje, akamwambia anataka zimwagwe pumba.

Kumwaga pumba ilikuwa desturi yao. Kitu kikipotea, kila mtu mzima hujaza kapu pumba za mpunga wa nyumbani kwake, akalifunika kanga, akaingia peke yake katika chumba kimoja na kulimwaga kwenye rundo. Aliyeiba hukificha kitu ndani ya pumba, akakirudisha bila kuonekana. Baadaye rundo hutolewa nje na kupepetwa mbele ya watu wote. Aliyerudisha haulizwi kamwe. Lakini anayefika kwenye rundo huku kitu cha mwenziwe amekiacha nyumbani, wazee walisema, tumbo lake litajaa pumba mpaka afe. Na watu waliamini hivyo.

Mzee Mkumba alipinga. Akasema ni kupoteza muda, mwizi anajulikana, desturi hiyo ni ya enzi za ujinga. Jumbe akamsikiliza, kisha akasema zitamwagwa, na kikuku kisipoonekana atapeleka watu kwa wahunzi wote wa mtoni, juu mpaka chini, waulizwe kama kuna mtu aliyewahi kuwapelekea kikuku cha namna ile. Aliposikia habari ya wahunzi, Mzee Mkumba aligeuka papo hapo, akasema hapana neno, zimwagwe. Alasiri hiyo hiyo akavuka mto, akaaga kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa.

Asubuhi ya siku yenyewe Bi Somoe alijaza kapu lake. Pumba za nyumba ile zilikuwa tofauti na za wengine. Mama yake alimwachia mbegu ya mpunga wenye maganda meusi, waliouita kaniki. Watu wengine waliuacha zamani, maana kuutwanga ni kazi ya kuvunja mabega. Bi Somoe peke yake ndiye aliyeendelea kuulima, kwa ajili ya mama yake. Alipomaliza kujaza, alisimama akilitazama kasha. Kisha akapeleka mkono nyuma ya hilo kasha, akatoa kigingi cha mti.

Hapa msiniangalie hivyo. Nawaambia kama ilivyokuwa.

Shamba la Bi Somoe lilipakana na la mtu aliyeitwa Kindamba. Miaka mitatu kabla ya hapo Kindamba alikwenda kuvua asubuhi, na mtumbwi wake ukaonekana umepinduka. Mwili haukupatikana. Ikasemwa ni mamba, watu wakasoma dua, yakaisha. Mkewe, Binti Ngwele, hakuijua mipaka, kwa kuwa mumewe ndiye aliyelima. Siku moja Bi Somoe aling'oa kigingi cha mpaka, kile alichokichoma Kindamba alama kwa chuma cha moto, akapigilia kingine hatua nne ndani ya shamba la mjane. Alijiambia kwamba udongo ule ungelala bure. Alijaribu mara mbili kukichoma moto kigingi cha zamani, mikono ikamkatalia. Sasa alifikiri tumbo lililojaa pumba, akafikiri pia kwamba aliyerudisha haulizwi. Akakizika ndani ya kapu. Akajiambia kwamba kijiji kizima wenye la kuficha watakuwa wawili tu, yeye na huyo mwizi wa kikuku.

Mpaka saa tano watu wote walikuwa wameshaingia na kutoka. Rundo likatolewa likamwagwa uani kwa Jumbe juu ya mikeka, na wanawake watatu wakakaa na nyungo: Bi Somoe kwa kuwa ni mtunzaji, Binti Ngwele kwa kuwa hakuna aliyemzidi kupepeta, na bibi mmoja mzee wa kuwasimamia. Siwatu aliwekwa mbele, na mzigo wake kando yake umeshafungwa. Watu walikuwa wamekuja kutazama kikuku kikitoka, kisha wakale chakula cha mchana.

Kitu cha kwanza kuanguka mkekani hakikuwa kikuku. Kilikuwa kibaba cha kupimia, chini kimejazwa nta ya nyuki kiasi cha vidole viwili. Watu wakacheka sana. Kila mmoja akamtazama jirani yake aliyewahi kumpimia mchele. Likafuata kufuli la stoo ya msikiti, lile lililosemwa limeanguka kisimani. Wakacheka tena, ila kidogo. Kikafuata kipande cha mti kilichochongwa, na Jumbe akaomba akishike. Akakigeuza, kisha akatoa mfukoni muhuri wake wa kupigia vibali akaviweka sambamba. Vilikuwa kitu kimoja. Wake haukuwa umeibwa hata siku moja. Ulikuwa umeigwa, na hakuna aliyejua ni vibali vingapi vya mashamba na vya ndoa vilivyopigwa kwa ule wa pili.

Hapo kicheko kilikatika.

Nyungo ziliendelea. Likatoka chanuo la mpingo, zikatoka pete, tasbihi ya marehemu imamu aliyezikwa ikiaminika iko naye, kisu cha ngariba, barua ya posa ambayo haikumfikia mwenyewe. Mkeka ukajaa. Watu waliokuwa wamesimama wakaanza kukaa chini mmoja mmoja. Na la ajabu, hakuna aliyenyoosha mkono kusema hiki changu. Kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni ni watu wangapi walioingia chumbani na makapu, na anaona kwamba vitu vinakaribia kuwa sawa na idadi ya watu.

Kigingi kiliangukia kwenye ungo wa Binti Ngwele. Aliipapasa ile alama ya moto, akainua uso kuwatazama watu. Bi Somoe aliendelea kupepeta bila kuinua macho. Binti Ngwele akakiweka magotini, akachota pumba nyingine, na katika ungo huo huo ikatoka saa.

Ilikuwa saa ya mkono, mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa wavu. Kindamba aliushona mwenyewe. Alikuwa mtu asiyevua saa ile hata akioga, na asubuhi aliyokwenda mtoni alikuwa ameivaa. Mji mzima ulilijua hilo, kwa sababu walimtania nalo. Binti Ngwele aliinua saa akaiweka sikioni, kana kwamba itamwambia kitu. Hakulia. Miaka mitatu walikuwa wakimlaani mamba, na mamba havui watu saa.

Ndipo ungo wa Bi Somoe ulipotoa kikuku. Mtu mmoja akashusha pumzi, na wengine wakashusha naye. Mzee Mkumba akasimama haraka akamshukuru Mungu kwa sauti. Akasema jambo limekwisha, kilichotafutwa kimepatikana, na pumba zilizobaki zitupwe mtoni watu wakale. Wengi walikubali. Walitaka kutoka uani pale kuliko walivyotaka chakula. Wangetoka, na methali hii tusingekuwa nayo, lakini Binti Ngwele hakuacha kupepeta. Yeye hakuwa akitafuta kikuku tena. Alikuwa akitafuta kitu chochote kingine cha mumewe. Akachota pumba za mwisho mwisho, akapepeta, na ungoni mwake kikaanguka kikuku cha pili.

Vikuku viwili. Kijiji kilikuwa na kimoja tangu enzi za mababu.

Jumbe alivipokea. Cha pili kilikuwa chepesi, na alipokitikisa kililia ile sauti ya kijiko ndani ya kopo waliyoizoea miaka mitano. Kilikuwa bati lililochovywa maji ya fedha. Cha kwanza kilikuwa kizito, fedha tupu, lakini alipokitikisa hakikulia kabisa. Watu wakaelewa taratibu, na uchungu wake ukawaingia taratibu. Aliyeiba wiki ile aliiba bati. Fedha yenyewe ilikuwa imeibwa zamani, na miaka yote hiyo binti zao walikuwa wakiolewa na kopo mguuni huku wazee wakisema fedha imechoka.

Mzee Mkumba ndiye aliyepata sauti wa kwanza. Alimwelekezea Siwatu kidole, akawauliza watu kikuku kilianza lini kupoteza sauti, na huyu alikuja lini, na nani anayewavisha na kuwavua mabibi harusi. Akasema mwenye kughushi kikuku ni huyo, na mwenye kukiiba ni huyo, na kwa jinsi alivyo, hata saa ya marehemu isingekuwa ajabu. Watu walimsikiliza kwa shukrani. Vitu vyote vile vilivyojaa mkekani vikawa na mwenyewe mmoja, mgeni, na wao wakawa safi tena. Vijana wawili wakainuka kuushika mzigo wa Siwatu.

Bi Somoe alikuwa amekichukua kile kikuku cha fedha mikononi. Alikuwa akijiuliza kwa nini hakilii. Akatoa pini kwenye mtandio, akachokoa kwenye uwazi wake, na pumba zikaanza kutoka. Zilikuwa zimeshindiliwa ndani kwa nguvu, zimebana vile vijiwe visitikisike. Hazikuingia zenyewe kwenye rundo. Mtu alizijaza kwa kidole, ili kapu lisilie akitembea nalo mbele za watu. Na zilikuwa nyeusi.

Mwanamume hatwangi. Kwa mwanamume pumba ni pumba.

Bi Somoe alikaa akizitazama zile pumba nyeusi kiganjani, na wale vijana walikuwa wameshafika mlangoni na mzigo. Angeweza kuzipuliza tu. Pumzi moja ingetosha.

"Jumbe," akasema, "mpunga wa kaniki mji huu unalimwa na nyumba ngapi?"

"Moja. Yako."

Akamnyooshea kiganja, kisha kikuku, akamwonyesha zilipotoka. Jumbe aliangalia, akamgeukia Mzee Mkumba. Lakini mtu aliyezoea neno la kwanza huwa na la pili.

"Nyumba ile tunaishi wawili," akasema. "Na mwenye ufunguo wa kasha ni yeye."

Wanangu, waliishi pamoja miaka ishirini na sita. Bi Somoe alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama mpita njia aliyevaa nguo za nduguye. Kisha akasimama.

"Kila mtu amekuja na kapu moja," akasema. "Langu halikuwa na kikuku. Langu lilikuwa na hicho kigingi alichokishika Binti Ngwele. Niliking'oa mimi, mwaka ule mumewe alipopotea. Hatua nne."

Mzee Mkumba akakaa chini bila kuambiwa. Yaliyobaki yalimtoka vipande vipande. Alikuwa na mke ng'ambo ya mto, miaka mitano sasa, na mke yule alitaka aolewe kama wanavyoolewa wa Nyakibindu. Siku moja yeye ndiye aliyetumwa kukirudisha kikuku kutoka harusini, na kabla ya kukifikisha akapita kwa mhunzi, akatengenezewa cha bati. Aliposikia wahunzi wataulizwa, akaenda kukivua mguuni mwa yule mwanamke. Alidhani kikirudi cha kweli watu watafurahi na kutawanyika. Hakufikiri kwamba na aliyeiba bati naye ataogopa tumbo la pumba.

Jumbe akawaamuru vijana waurudishe mzigo wa Siwatu, akamwomba radhi kwa niaba ya mji. Siwatu aliinama kwenye mkeka, akachukua lile chanuo la mpingo, akaliweka mbele ya Bi Somoe. Lilikuwa lake Bi Somoe. Hakuwahi hata kujua kwamba limepotea.

Binti Ngwele alikuwa bado amekaa, kigingi mkono huu, saa mkono huu.

"Kigingi ni wewe, shoga yangu," akamwambia Bi Somoe. "Na saa?"

"Saa siijui. Wallahi siijui."

"Na kigingi nacho ulikuwa hukijui, mpaka sasa hivi."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini kwamba aliyeleta saa atafutwe, na mwingine akasema desturi hairuhusu, aliyerudisha haulizwi, na wengi wakaitikia upesi sana kwamba hairuhusu. Jumbe aliuangalia ule mkeka, akawaangalia watu wake. Walikuwa wamekuja kumfukuza mtu mmoja. Sasa nani angemfukuza nani?

Binti Ngwele akainuka akajikung'uta pumba kwenye kanga. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Mlimtaka mwizi mmoja," akasema. "Nani aliwaambia mpepete pumba za mji?"

Akaondoka na vitu vyake viwili. Watu wakatawanyika bila kuagana, kila mmoja akiitazama mikono ya mwenziwe. Kigingi kilirudi mahali pake kabla ya magharibi, na Bi Somoe ndiye aliyekipigilia. Ufunguo wa kasha aliurudisha kwa Jumbe. Mzee Mkumba alivuka mto, hakurudi. Siwatu alivuna mpunga wake, na mabibi harusi wakaendelea kuvishwa naye. Pumba hazikumwagwa tena Nyakibindu.

Ila yule aliyeileta saa, wanangu, hakuhama. Alivuna pamoja nao, alizika pamoja nao, na kila asubuhi Binti Ngwele alipopita kwenda shambani alimwamkia na yeye akamwitikia, mmoja kati ya wale watu wote, mpaka wote wakafa. Na Bi Somoe, kila alipoamkiwa na mjane yule, alijua anatazamwa kwa swali la ile saa, na hakuwa na namna ya kulijibu.

Basi redio ikiwaambia tena kwamba mwizi wa mbuzi kafungwa na wilaya ni shwari, msimcheke Bi Mosi. Ukimtaka mwizi mmoja, usipepete pumba za mji.